Miti ya mitaani Zanzibar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kitalu changu kiko kando ya barabara Fuoni, na nusu ya wanaosimama hapo hawaji kununua miche. Wanakuja na swali, na maswali ni yale yale mwaka mzima. Wengi huanza na "mti gani mzuri wa kupanda mbele ya nyumba?" Nami huwarudishia swali: huo unaoutaka unadondosha nini, na lini? Majibu mengi ya hapa chini yanazunguka hapo hapo.

## Ya mwanzo

1. Mbona mitaa mingi ya mjini ina majina ya miti, na miti yenyewe haionekani?

Mti huondoka, jina likabaki. Hesabu tu: Miembeni, Mwembeladu, Mwembetanga, Mwembeshauri, Mwembemakumbi, Mikunguni, Michenzani, Kikwajuni, Mkunazini, Mbuyuni. Ukitoka katikati ya mji unazikuta Migombani, Mtofaani na Mfenesini. Mgeni alielekezwa kwa mti, maana nyumba za udongo na makuti zilifanana na mti haukufanana na mwingine.

Angalia pia umoja na wingi. Miembeni na Mikunguni palikuwa na miti mingi. Zile "Mwembe" hivi na "Mwembe" vile zinataja mti mmoja uliojulikana na kila mtu, wenye sifa yake au kisa chake. Mnazi Mmoja panajieleza penyewe. Na Michenzani leo ni yale majumba marefu ya ghorofa ya enzi ya Mzee Karume. Chenza zifuate Darajani sokoni.

2. Kwa nini vichochoro vya Mji Mkongwe havina miti?

Kwa sababu nyumba zenyewe ndizo kivuli. Ukuta wa ghorofa mbili tatu upande huu na mwingine upande ule, katikati njia ya kupishana watu na vespa moja: jua linaingia saa sita tu, tena kwa muda mfupi. Mti ungekaa wapi? Miti ya Mji Mkongwe iko ndani ya nyua za nyumba na pembezoni mwa mji: Forodhani, Mizingani, Bustani ya Jamhuri, na kule Vuga na Mnazi Mmoja ambako njia zinapanuka. Ile inayoota ukutani bila kupandwa ina jibu lake (swali la 17).

3. Miti gani ndiyo ya kawaida mitaani, na kila mmoja una tabia gani?

*Mkungu* ndio ninaoupenda, na sifichi. Matawi yake yanatoka kwa tabaka, kama sinia zilizopangwa moja juu ya nyingine na nafasi kati yake, kwa hiyo kivuli chake ni kipana na upepo unapita. Majani ni makubwa kama kiganja cha mtu mzima na zaidi. Yanapozeeka hayafifii kimya kimya: yanageuka manjano, kisha mekundu kama hina iliyokolea, ndipo yanaanguka. Kungu zenyewe watoto wanazitafuna nyama ya nje, halafu wanaweka kokwa juu ya jiwe na kuipasua kwa jiwe jingine wapate kile kiini chembamba cheupe. Kazi yote hiyo kwa kiini kisichojaza jino, na bado kila mtoto anaifanya.

*Mwarubaini* ni mti wa mitaa mikavu na ya vumbi. Hauogopi udongo mbaya, hauangushi majani yote kwa pamoja, na kivuli chake ni chepesi, chenye madoa ya jua. Ukitoa maua harufu yake ni kama asali, hasa jioni.

*Mwembe* ni mti wa ukoo. Unapandwa na babu, unaliwa na wajukuu na wapita njia. Kivuli chake ni kizito kuliko cha mti wowote wa mtaani, na ndiyo maana maskani, meza ya bao na muuza kahawa huishia hapo.

*Mwashoki* ni ule mwembamba mrefu wenye majani yaliyoning'inia, unaopangwa safu mbele ya nyumba mpya. *Mkrismasi* huwaka maua mekundu kuelekea mwisho wa mwaka na hutandaza zulia jekundu njia nzima. Asili yake ni Madagaska. *Mzambarau* ni mti imara, wa kijani mwaka mzima, wenye lawama moja (swali la 10). *Mvinje* ni wa kandokando ya bahari, na upepo ukipita ndani yake unasikia kama mtu anayenong'ona.

Pemba mpango ni mwingine kidogo. Chake, Wete na Mkoani ni miji midogo, mashamba yako karibu, kwa hiyo mti wa mtaani mara nyingi ni mti wa shamba uliobaki nyumba zilipojengwa: mwembe, mfenesi, mshelisheli, mzambarau. Unguja mjini watu wanapanda mti kwa ajili ya njia. Pemba, aghlabu, njia ndiyo iliyoukuta mti.

4. Kuna miti miwili naona inafanana na mwarubaini. Upi ndio wenyewe?

Chuma jani uliangalie. Mwarubaini una kijiti kimoja kirefu na vijani vyake vimejipanga pande mbili, kila kijani kimepinda kama mundu na ukingo wake una meno ya msumeno. Yule ndugu yake kijiti chake kinagawika tena vijiti vidogo kabla ya kufika kwenye vijani. Maua ya mwarubaini ni meupe, ya mwenzake yana rangi ya zambarau. Tofauti hii ni muhimu kwa sababu watu wanachemsha majani ya mwarubaini kwa dawa, na matunda ya yule mwingine ni sumu. Jina lenyewe, kama ujuavyo, linatokana na arubaini: magonjwa arubaini yanayosemwa kuwa unayatibu. Mimi nauza mche, siuzi dawa.

## Kuchagua na kupanda

5. Basi nipande mti gani mbele ya nyumba yangu?

Nitakuuliza mambo matatu. Kwanza, udongo. Kama uko kwenye kinongo au kichanga cha magharibi ya Unguja, karibu miti yote itakubali. Kama uko maweni, ambako jembe linagonga jiwe kabla ya shimo kufika magotini, achana na mwembe na utazame mwarubaini, mkungu au mkwaju.

Pili, nafasi. Njia ya kupita gari moja haiwezi mkungu uliokomaa. Matawi yale ya tabaka yatamkuna kila dereva. Hapo mwarubaini uliopogolewa chini unafaa.

Tatu, nani atafagia. Swali hili watu wanalicheka, lakini ndilo linaloua miti mingi kuliko kiangazi. Mti ukidondosha majani makubwa kila asubuhi na anayefagia ni mtu mmoja, mti huo hautafika mwaka wa kumi. Nimewaona wengi wakija kununua mche mwingine baada ya kuukata wa kwanza, na sababu ni ufagio.

Ukinilazimisha nijibu kwa neno moja: mwarubaini kwa njia nyembamba, mkungu kwa uwanja.

6. Mwashoki unatoa kivuli?

Hapana. Unatoa pazia. Ukitaka kujisitiri na dirisha la jirani, panda. Ukitaka kuweka kiti chini yake saa nane mchana, utakuwa unakihamisha kiti pamoja na jua.

7. Nipande umbali gani kutoka ukutani?

Mimi napima kwa hatua zangu, si kwa kamba. Mwarubaini hatua tano. Mkungu na mzambarau hatua saba au nane. Mwembe kumi, na kama huna kumi usipande mwembe. Mti wowote wa jamii ya mtini, usipande kabisa karibu na nyumba, shimo la choo wala tangi la maji.

Mkrismasi nao uweke mbali, kwa sababu nyingine: matawi yake ni mepesi kuvunjika. Nyumba niliyokulia ilikuwa nao hatua tatu tu kutoka ukutani, na aliyeupanda ni mimi mwenyewe, kijana, nikiufurahia kwa maua. Usiku mmoja wa kusi tawi lilishuka juu ya bati la jikoni. Hakuumia mtu. Mama hakusema kitu. Asubuhi aliniita nje, akanionyesha sufuria ya uji iliyojaa vijani vidogo vidogo, akaniachia mwiko.

8. Wakati gani mzuri wa kupanda?

Mwanzo wa masika, mvua ikishalowesha ardhi vizuri, yaani kuanzia Machi kwenda Aprili. Ukikosa, vuli ya Oktoba hadi Disemba inafaa, ila uwe tayari kubeba ndoo kaskazi ikianza kukausha.

Chimba futi mbili kwa futi mbili, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, chana kiriba, ule mfuko wa mche, ukitoe chote. Ndiyo, wapo wanaopanda na kiriba chake. Baadaye wanauliza mbona mti umedumaa. Zungushia matandazo ya majani makavu au makumbi ya nazi, lakini yasiguse shina. Na weka uzio wa mbuzi. Mche wa mtaani haufi kwa jua, unafia mdomoni mwa mbuzi wa jirani.

## Kuishi na mti

9. Mkungu wangu umepukutisha majani yote. Unakufa?

La. Mkungu hubadilisha nguo mara moja au mbili kwa mwaka. Utaona umewiva mwekundu, kisha umebaki mtupu, na ndani ya muda mfupi machipukizi ya kijani kibichi yanatoka kwenye ncha za matawi. Kwaruza gamba la tawi dogo kwa ukucha: chini yake pakiwa kijani, subiri. Usimwite mtu wa shoka wiki hiyo.

10. Zambarau zinachafua njia, magari na nguo. Nifanyeje?

Zikianza kuiva, tandika mkeka wa zamani au turubai chini ya mti asubuhi na uwaite watoto. Mti uliokusanywa kila siku hauchafui nusu ya ule ulioachwa. Doa la nguo lisugue kwa ndimu na chumvi kabla halijakauka. Kama huna watoto karibu wala subira, hukupaswa kuwa na mzambarau.

11. Embe zinazoning'inia njiani ni za nani?

Mti ni wa mwenyewe, na embe ni zake. Huo ndio uamuzi wa mtaa. Lakini iliyoanguka chini njiani haiulizwi, na watoto wa skuli wanalijua hilo kuliko mahakama. Wazee wengi wenye miembe ya njiani hutia nia ya sadaka tangu siku ya kupanda, kwa ile Hadithi maarufu kwamba anachokula mtu, ndege au mnyama kwenye mti ulioupanda ni sadaka yako. Nia hiyo inapunguza sana shinikizo la damu msimu wa boribo.

Mawe ni jambo jingine. Anayerusha jiwe ajue bati ni la nani.

12. Mizizi inapasua ukuta na mtaro. Niikate?

Angalia kwanza kama ni mzizi uliopasua, au mtaro ulipasuka wenyewe na mzizi ukafuata maji. Mara nyingi ni la pili. Ziba uvujaji, mzizi hautakuwa na sababu ya kurudi.

Ukilazimika kukata, kata mzizi mmoja, upande mmoja, mwanzo wa mvua, na usikaribie shina. Mti uliokatwa mizizi upande wa kusini unaweza kusimama miaka, kisha ukaangukia kaskazini siku ya upepo.

13. Kunguru wamehamia kwenye mti wangu. Nikikata matawi wataondoka?

Watahamia kwa jirani na kurudi jioni kukutazama. Kunguru hawa walioenea mjini si wa asili hapa. Waliletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 wasaidie kusafisha taka, wakasafisha na mayai ya ndege wengine pia. Kinachowaleta kwenye mti wako ni taka iliyo karibu nao. Funika pipa, ondoa mabaki ya samaki, halafu uone.

14. Kwa nini mashina hupakwa rangi nyeupe? Inausaidia mti?

Hasa ni kwa macho: safu ya mashina meupe inaifanya njia ionekane imetunzwa, na usiku dereva anaona ukingo wa barabara. Chokaa iliyokorogwa kwa maji haina neno. Rangi ya mafuta usipake, inaziba gamba. Na mtu akija na misumari ya kugongomea bango la duka lake, mpe kamba.

## Kukata na kugombana

15. Mti uko mbele ya nyumba yangu, niliupanda mwenyewe. Naruhusiwa kuukata?

Kuupanda hakukupi ruhusa ya kuukata utakavyo. Anza kwa sheha wa shehia yako. Yeye atakuelekeza kwa manispaa au baraza la mji kama mti uko kwenye hifadhi ya barabara, na kwa Idara ya Misitu kwa kibali cha kukata. Zanzibar ina sheria ya misitu tangu 1996 na ukataji wa miti unasimamiwa. Mkarafuu usiuguse kabisa kabla ya kuuliza, hata ukiwa uani kwako. Huo ni mti wa uchumi wa nchi na una sheria yake.

Kupogoa ni jambo jepesi zaidi, lakini pogoa kama unayetaka mti uishi. Kijana mmoja aliyelipwa "kupunguza" mwarubaini mtaani kwetu aliacha nguzo tupu yenye urefu wa mtu. Uliota tena, ndiyo, kwa vijitawi vingi vyembamba kama ufagio uliogeuzwa, na kila kimoja kimeshikilia kwa uzi. Kata tawi karibu na shina bila kuacha kisiki kirefu, anzia chini ya tawi kwanza ili gamba lisichanike, na usiondoe zaidi ya robo ya majani kwa mwaka.

16. Matawi yamegusa waya za umeme.

Shuka. Kama ushapanda, shuka. Piga simu Shirika la Umeme na usubiri waje wao. Panga lenye mpini wa mbao halikulindi, hasa mti ukiwa umelowa.

## Yasiyo ya kila siku

17. Kuna mti umeota kwenye ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe. Niung'oe?

Ukiwa mdogo wa kidole, leo hii. Ni mti wa jamii ya mtini. Mbegu imeletwa na ndege ikakaa kwenye ufa. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, laini, na mizizi inapenya humo kama maji. Ukiwa umeshanenepa kama mkono usiuvute, utatoka na ukuta. Nenda Mamlaka ya Mji Mkongwe kwanza, kisha utafute fundi anayejua chokaa. Aliyezoea saruji peke yake atakuziba ufa na kuacha mzizi ndani.

18. Ule mti mkubwa wa Mizingani una umri gani?

Unasemwa ulipandwa mwaka 1911 na Sultan Khalifa bin Haroub. Ni mtini, na wenyeji wanapaita hivyo hivyo, Mtini. Mafundi wa mashua wamefanya kazi chini yake miaka mingi, na boti za kwenda kisiwa cha Changuu huondokea jirani. Tazama upana wake ukiwa hapo, utaelewa kwa nini swali la 7 nimesema usiupande karibu na nyumba.

Wanaouliza umri huulizia pia miembe ya Bungi, njia ya kwenda kusini, inayojulikana kwa jina la Bi Khole binti wa Seyyid Said. Ile ni ya karne ya 19. Miti mingi ya Unguja ya zama hizo iliangushwa na kimbunga cha 1872, kilichofyeka minazi na mikarafuu huku Pemba ikinusurika kwa kiasi kikubwa. Ukikuta Unguja mti unaodaiwa kuwa na miaka mia mbili, uliza ulikuwa wapi siku hiyo.

19. Popo wanamaliza embe zetu Pemba. Wafukuzwe?

Kama ni wale wakubwa wenye uso wa mbweha, hao ni popo wa Pemba, hawapatikani pengine popote duniani. Waliwindwa hadi wakakaribia kwisha, na Kidike wanatunzwa na wanakijiji wenyewe. Wanakula matunda na kusambaza mbegu. Chuma embe zikiwa zimekomaa kabla hazijaiva juu ya mti. Zile za kileleni, ambazo hukuwa unazifikia, waachie.

20. Karibu na Jozani kima punju wanakula majani ya mkungu wetu. Kuna la kufanya?

Wanayapenda ya mkungu na ya mwembe, machanga hasa. Majani hayo yana vitu vinavyowasumbua tumbo, na kima hawa wamejifunza kula mkaa juu yake, kwa hiyo usishangae ukikuta gunia lako limepungua. Funika mkaa. Mkungu utaota tena.

21. Wanasema mbuyu wa mtaani una shetani. Nikijenga karibu?

Wazee watakwambia uache. Mainjinia pia, kwa sababu ya ukubwa wa mti. Mara chache makundi haya mawili yanakubaliana, kwa hiyo jenga kwingine. Kama chini yake umekuta chetezo na marashi, kuna mtu ana shughuli zake pale, usivipige teke.

22. Mti umeanguka masika. Nipande mwingine kwenye shimo lile lile?

Usipande hapo hapo. Kisiki kinapooza ardhi inazama, na kama mti uliangushwa na maradhi ya mizizi, mche utayarithi. Sogea hatua mbili au tatu kwenye mstari ule ule wa njia, ili safu isipotee. Mkungu wetu ulianguka mbele ya baraza. Mche niliusogeza hatua mbili kuelekea mtaroni. Una matabaka matatu sasa, la chini linagonga vichwa vya warefu, na watoto wameshaanza kuleta mawe ya kupasulia kungu ambazo bado haujazaa.